Nani alimuua dereva? Kuufumbua mkanganyiko wa The Big Sleep

Kila inapotajwa The Big Sleep, filamu ya upelelezi iliyotoka mwaka 1946, hakosi mtu wa kusema kwamba hakuna anayeielewa, si mwongozaji wake wala hata mtunzi wa riwaya iliyoizaa. Kauli hiyo imerudiwa kwa miongo mingi mpaka imekuwa kama sehemu ya filamu yenyewe, na wengi huketi kuitazama wakiwa wamekwisha kata tamaa ya kuifuata. Mimi naona kauli hiyo inaionea. Hadithi ina mafundo mengi, ndiyo, lakini karibu yote yanafunguka kwa mtazamaji anayesikiliza mazungumzo kwa makini. Lisilofunguka ni moja tu. Na ukichimba kujua kwa nini mambo yamesokotana hivyo, huoni uzembe wa mtu mmoja. Unaona mtunzi aliyeunganisha hadithi mbili, wadhibiti waliokataza mambo yasitajwe, na studio iliyotaka kulinusuru jina la mwigizaji wa kike mwenye miaka 21.

Raymond Chandler, mtunzi wa riwaya, alikuwa mkubwa katika kampuni ya mafuta mjini Los Angeles mpaka alipofukuzwa kazi mwaka 1932. Akaingia kwenye uandishi akiwa mtu mzima, akiuza hadithi fupi kwa majarida ya bei rahisi, hasa lile la Black Mask. Riwaya yake ya kwanza, The Big Sleep, ilitoka mwaka 1939 alipokuwa na umri wa miaka 50. Ndimo alimomleta Philip Marlowe, mpelelezi wa kujitegemea anayetoza dola 25 kwa siku pamoja na gharama, mtu mwenye maneno makali na asiyenunulika. Studio ya Warner Bros. ilimkabidhi kazi ya filamu mwongozaji Howard Hawks, naye akamweka Humphrey Bogart kuwa Marlowe, na Lauren Bacall kuwa Vivian, binti mkubwa wa tajiri anayemkodi. Wawili hao walikuwa wameonekana pamoja kwa mara ya kwanza mwaka 1944 katika To Have and Have Not, chini ya Hawks huyohuyo, na umma uliwapenda papo hapo.

Aliyezoea visa vya Bwana Msa, vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, anaijua raha ya kurasa za mwisho, pale mpelelezi anapopanga kila kitu mahali pake na msomaji anajiuliza vipi hakuliona jambo lililokuwa wazi. Hiyo ni nasaba ya Sherlock Holmes, ambamo fumbo ndilo roho ya hadithi. Chandler alitoka nasaba nyingine, ya Marekani, ambamo mpelelezi hakai kitini akifikiri. Anaingia mitaani, anapigwa, anadanganywa, na ukweli anaupata vipande vipande. Kumdai Marlowe hesabu ya Bwana Msa ni kumdai asichokuahidi. Hata hivyo hesabu ipo, na inafaa kupigwa.

Maiti saba, kesi mbili

Jenerali Sternwood ni mzee aliyetajirika kwa mafuta, na mwili umekwisha kumtoka. Anampokea Marlowe ndani ya banda la kioo la kuoteshea okidi. Joto ni kali mno; Marlowe anavua koti na shati linaonekana limelowa jasho, ilhali mzee yuko kwenye kiti cha magurudumu, kafunikwa blanketi. Pombe haiwezi tena, basi anaagiza mgeni aletewe brandi ili walau amwangalie mwenziwe akinywa. Ni tukio la dakika chache, lakini ndani yake kesi nzima imelazwa mezani. Mtu aitwaye Geiger, mwenye duka la vitabu adimu, ameleta hati za deni zenye saini ya Carmen, binti mdogo wa Jenerali, anataka alipwe. Kabla yake, mwingine aitwaye Joe Brody alikwisha kupewa dola 5,000 ili amwache binti huyohuyo. Na kwa mbali, kama jambo la pembeni, Jenerali anamtaja Sean Regan, kijana aliyempenda kama mwanawe, ambaye ametoweka bila kuaga.

Hapo ndipo pa kutega masikio. Filamu hii ina kesi mbili. Ya kwanza ni ya Geiger na vitisho vyake, nayo inakwisha karibu na katikati. Ya pili ni ya Regan, na ndiyo inayobeba nusu ya mwisho. Wengi wanaopotea hupotea kwenye kiungo: kesi ya kwanza imefungwa, wao wanadhani bado iko wazi, na majina mapya yanaanza kumiminika.

Tuwahesabu waliokufa. Regan ameuawa kabla filamu haijaanza, na kifo chake ndicho siri iliyofichwa chini ya nyingine zote. Wa pili ni Geiger. Usiku wa mvua, Marlowe yuko nje ya nyumba ya Geiger. Anasikia yowe, risasi, kisha magari mawili yakiondoka moja baada ya jingine. Ndani anamkuta Geiger amekufa sakafuni na Carmen amelewa dawa, hajijui hajitambui, mbele ya sanamu yenye kamera iliyofichwa ndani, na filamu ya picha imechukuliwa. Aliyepiga risasi ni Owen Taylor, dereva wa nyumba ya Sternwood, kijana aliyempenda Carmen. Hilo linasemwa waziwazi baadaye. Anayesinzia ndiye anayelikosa. Gari la pili lilikuwa la Joe Brody, aliyekuwa akiizunguka nyumba ile, akamfuata Taylor, akampiga kichwani na kumnyang'anya picha ili aanzishe vitisho vyake mwenyewe.

Taylor ni maiti wa tatu. Gari la Sternwood linaopolewa baharini penye gati, naye yumo ndani. Wa nne ni Brody, anayepigwa risasi mlangoni kwake na Carol Lundgren, kijana wa Geiger, aliyedhani kwamba Brody ndiye aliyemuua bwana wake. Marlowe anamkamata Lundgren, polisi wanamchukua, na kesi ya Geiger imefungwa.

Inabaki ya Regan. Inasemekana Regan ametoroka na Mona, mke wa Eddie Mars, mwenye nyumba ya kamari. Mtu mdogo wa umbo, Harry Jones, anakuja kumuuzia Marlowe habari za alipo Mona kwa dola 200, na kabla hajalipwa anapewa sumu na Canino, muuaji wa kukodiwa wa Mars. Marlowe analisikia tukio hilo akiwa chumba cha pili. Kumbe Mona hajatoroka na mtu. Mars amemficha ili watu waamini yuko na Regan na wasiulize Regan yuko wapi. Marlowe anamuua Canino, na mwishoni anamlazimisha Mars atoke mlangoni mwa nyumba ileile ya Geiger, ambapo watu wake mwenyewe, wakidhani ni Marlowe, wanammiminia risasi. Saba wametimia.

Kwa hiyo anayesema hadithi haieleweki, mwulize ni kifo kipi hakielewi. Sita kati ya saba vina maelezo, ingawa cha Regan kimefunikwa kwa makusudi, na sababu yake nitaifikia. Kinachobaki ni cha dereva.

Simu ya maandishi kwa Chandler

Kisa chenyewe kimesimuliwa kwa namna nyingi. Chandler aliandika katika barua yake ya mwaka 1949 kwamba wakati filamu inatengenezwa, Bogart na Hawks walibishana kama Taylor aliuawa au alijiua. Wakampelekea Chandler simu ya maandishi kumwuliza, naye hakujua. Husimuliwa pia kwamba Jack Warner, bosi wa studio, alipoiona bili ya senti 70 ya simu ile alimpigia Hawks kumwuliza kama kweli ilikuwa na ulazima.

Kisa hicho kinachekesha, na kimeiumiza filamu. Watu wamekichukua kisa cha dereva mmoja wakakigeuza kuwa hukumu ya hadithi nzima: kama mtunzi hakujua, basi hakuna cha kujua. Lakini tazama tunachokijua juu ya kifo hicho. Geiti ya mbao ya gatini imevunjwa kwa kasi ya gari. Taylor ana alama ya kupigwa kichwani. Brody anakiri kwamba yeye ndiye aliyempiga, ila anaapa alimwacha hai. Brody ni mwongo wa kazi, na dakika chache baadaye anauawa. Hakuna shahidi mwingine. Inawezekana alimsukumia baharini. Inawezekana Taylor, aliyekwisha kuua mtu kwa ajili ya msichana asiyemjali, alijitupa mwenyewe. Inawezekana alikuwa bado na kizunguzungu cha lile pigo akashindwa usukani. Riwaya yenyewe inaijadili hali hiyo na kuiacha.

Na filamu imejengwa ili iwe hivyo. Marlowe yumo karibu katika kila tukio. Hatuonyeshwi kamwe wahalifu wakipanga mambo peke yao ili sisi tujue asichokijua yeye. Kifo cha Harry Jones tunakiona kwa sababu Marlowe yupo, akichungulia na kusikiliza. Gatini usiku ule Marlowe hakuwapo, basi nasi hatukuwapo. Kwangu hilo ni uaminifu wa filamu kwa kanuni yake, na ningesikitika kama wangeongeza tukio la kutupa jibu.

Hadithi mbili chini ya riwaya moja

Sasa tuje kwenye kiungo kile cha katikati. Chandler hakuitunga riwaya kutoka hewani. Alichukua hadithi zake fupi zilizokwisha kuchapishwa na Black Mask, hasa Killer in the Rain ya mwaka 1935 na The Curtain ya mwaka 1936, akazisuka upya ziwe moja. Ya kwanza ndiyo yenye mfanyabiashara wa picha chafu, msichana aliyelewa dawa, mvua na dereva. Ya pili ndiyo yenye jenerali mzee kwenye banda la maua na mtu aliyetoweka. Alibadili majina, akawaunganisha wahusika wa huku na wa kule, akaiandika upya lugha mpaka iking'aa. Mshono lakini unaonekana ukijua pa kutazama: ni pale Lundgren anapokamatwa, na hadithi inaonekana kana kwamba imekwisha, kisha inaanza tena.

Walioandika mswada wa filamu walirithi mshono huo na kuongeza wa kwao. Mmoja alikuwa William Faulkner, mwandishi mkubwa wa riwaya wa kusini mwa Marekani, aliyekuwa akifanya kazi Hollywood kwa sababu ya shida ya fedha. Mwenziwe alikuwa Leigh Brackett. Hawks alikuwa amesoma riwaya ya upelelezi ya Brackett, akaipenda mazungumzo yake, akaagiza aitwe huyo bwana. Akatokea mwanamke kijana. Brackett alisimulia kwamba Faulkner aligawa kazi kwa sura za kitabu, hizi zako, hizi zangu, kila mtu akajifungia chumbani kwake kuandika. Baadaye Jules Furthman aliletwa kuufupisha na kuurekebisha mwisho. Mikono mitatu ilipita juu ya riwaya iliyokuwa tayari ni ya viraka viwili. Hawks mwenyewe alikuja kusema kwamba hakuwahi kuelewa vizuri kinachoendelea, ila aliona ina matukio mazuri, na kwamba filamu ilipopokewa vyema hakuhangaika tena sana na mantiki.

Ambayo hayakuruhusiwa kutajwa

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni udhibiti. Tangu mwaka 1934 studio kubwa za Hollywood zilikuwa zikipeleka miswada yao kwa ofisi ya Joseph Breen, iliyosimamia kanuni za maadili za tasnia. Picha za ngono hazikutajwa. Mapenzi ya jinsia moja hayakutajwa. Dawa za kulevya zilikuwa mwiko. Na mhalifu hakuruhusiwa kuondoka bila kuadhibiwa. Sasa chukua riwaya ambayo nguzo zake ni hizohizo, uitoe kila moja, halafu utegemee paa libaki juu.

Katika riwaya, duka la Geiger linaazimisha kwa siri vitabu na picha za ngono. Filamu hailisemi hilo hata mara moja. Tunaloonyeshwa ni Marlowe akiingia dukani ukingo wa kofia umepinduliwa juu, miwani ya giza usoni, akijifanya mwanazuoni mwenye kisirani. Anaulizia Ben-Hur, toleo la tatu la mwaka 1860, lenye kosa la uchapaji ukurasa wa 116. Mwanamke wa dukani anajibu kwamba hawana. Kisha Marlowe anavuka barabara na kuingia duka jingine la vitabu, anauliza swali lilelile, na msichana aliyepo, anayeigizwa na Dorothy Malone, anaangalia na kumwambia kitabu kama hicho hakipo duniani. Ben-Hur ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1880. Muuza vitabu wa kweli lazima angeshtuka. Kwa hiyo duka la Geiger si duka la vitabu. Dokezo ni hilo tu, pamoja na wateja wanaojipenyeza kwenye chumba cha nyuma wakiinamisha nyuso. Mtazamaji wa mwaka 1946 aliyekijua kitabu alielewa. Asiyekijua alibaki akijiuliza watu hawa wanagombania nini.

Carmen kwenye riwaya anakutwa uchi mbele ya kamera, na aibu ya picha haihitaji maelezo. Kwenye filamu amevaa gauni la Kichina. Picha ya msichana aliyevaa nguo ina kipi cha kumtishia nacho baba yake? Filamu inabidi iegemee jambo jingine, kwamba picha inamweka chumba kimoja na maiti. Lundgren naye kwenye riwaya ni mpenzi wa Geiger, anaurudisha mwili wake kitandani na kumlipizia kisasi kwa sababu amefiwa. Toa mapenzi hayo, na anabaki kijana mwenye hasira anayeua mtu kwa ajili ya mwajiri wake, na mwili unaohama sakafuni kwenda kitandani bila sababu ya maana. Hapa mtazamaji hajakosa akili. Amenyimwa habari.

Kisha mwisho. Katika riwaya, Carmen ndiye aliyemuua Regan, kwa sababu alimtaka akamkataa. Vivian analificha jambo hilo kumlinda mdogo wake na kumkinga baba yao anayekaribia kufa, Mars anatumia siri hiyo kumkamua fedha, na Marlowe anaamua kunyamaza kwa masharti kwamba Carmen apelekwe mahali pa kutibiwa. Muuaji haendi gerezani. Kwa ofisi ya Breen hilo halikupita. Ndiyo maana filamu inamaliza kwa Mars kufa kwa risasi za watu wake, na Marlowe kumwambia Vivian kwamba polisi wataelezwa Mars ndiye aliyemuua Regan, maelezo yaliyo karibu na ukweli. Carmen ataondolewa, huenda watamponya. Ukisikiliza vizuri, ukweli wa riwaya bado unanong'ona chini ya maneno hayo. Hawks alipenda kusimulia kwamba wadhibiti walipoukataa mwisho wa awali aliwaambia watunge wao, wakampa wenye damu zaidi, naye akauchukua kwa furaha.

Filamu iliyotengenezwa mara mbili

Upigaji wa picha ulianza Oktoba 1944 na kumalizika Januari 1945. Filamu ilikuwa tayari, na wanajeshi wa Marekani walioko ng'ambo walionyeshwa. Nyumbani haikutoka. Vita vilikuwa vinaelekea mwisho, na Warner Bros. walikuwa na shehena ya filamu za vita ambazo zingechacha amani ikifika, wakazitanguliza hizo. Alama za wakati wa vita zimo bado: dereva wa teksi anayemsaidia Marlowe kufuatilia gari ni mwanamke kijana, kazi ambayo wanaume waliiacha kwenda jeshini.

Katika kungoja huko, Bacall alitoka kwenye Confidential Agent, mwishoni mwa mwaka 1945, na wahakiki walimshambulia vibaya. Wakala wake, Charles Feldman, akamwandikia Jack Warner mnamo Novemba. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara na sahihi: The Big Sleep kama ilivyo itammaliza huyu binti, mwongezeeni matukio na Bogart, ya ule ujeuri uliowafurahisha watu katika filamu yao ya kwanza. Aliomba pia tukio ambalo Bacall alikuwa amefunikwa shela usoni lipigwe upya. Warner akakubali. Januari 1946 Hawks akawarudisha waigizaji. Bogart na Bacall wakati huo walikuwa mume na mke tangu Mei 1945.

Tukio maarufu kuliko yote katika filamu ni la safari hii ya pili. Vivian na Marlowe wamekaa mkahawani, Vivian amekuja kumlipa na kumwambia kazi imekwisha, wakaanza kuongea habari za farasi wa mashindano: nani anapenda kutangulia, nani hukimbilia nyuma, nani amempanda farasi. Hakuna neno hata moja la kukatazwa, na hakuna mtu mzima asiyejua wanaongelea nini. Aliyeliandika ni Philip Epstein. Wadhibiti waliozuia kila kitu walilipitisha hilo.

Lakini urefu wa filamu haukuongezwa, hivyo ili jipya liingie la zamani lilipaswa kutoka. Lililotoka ni tukio refu katika ofisi ya mwendesha mashtaka, ambamo Marlowe anaeleza kesi ya Geiger kwa mpangilio, nani kamuua nani na kwa nini. Tafakari lilipokuwa: palepale kwenye mshono, kati ya kesi ya kwanza na ya pili. Mahali ambapo mtazamaji alikuwa anapewa nafasi ya kuvuta pumzi na kupanga mambo, sasa anapata farasi. Kwa uamuzi huo mmoja filamu ikawa tamu zaidi na ngumu zaidi.

Aliyeumia kimyakimya ni Martha Vickers, aliyeigiza Carmen. Chandler aliandika mwaka 1946 kwamba msichana huyo alikuwa mzuri kiasi cha kumfunika kabisa Bacall, na kwamba matukio yake yalikatwa kwa sababu hiyo. Ukiitazama leo, namna anavyojiangusha mikononi mwa Marlowe pale mlangoni, kidole gumba mdomoni, unaona Chandler hakutia chumvi. Kwa Bogart aliridhika mno. Alimwona ni mtu anayeweza kutisha bila kushika bastola.

Jinsi ilivyopokewa

Ilipotoka Agosti 1946, Bosley Crowther wa New York Times aliiponda. Alilalamika kwamba mambo ya mafumbo yanatokea kwa wingi hivi, katika njama zilizopinda hivi, mpaka akili inachanganyikiwa. Na kuhusu Bacall, kwamba anaonekana mwanamke wa hatari lakini bado hajajifunza kuigiza. Umma haukumsikiliza. Majumba yalijaa. Watu walikuja kuwaona Bogart na Bacall, na hao waliwapata.

Heshima ilikuja taratibu na kwa sehemu kubwa ilitoka Ufaransa. Baada ya vita, filamu za Marekani zilizokuwa zimezuiwa wakati wa ukaliaji wa Wajerumani zilimiminika Paris kwa mkupuo, na mwezi uleule wa Agosti 1946 mhakiki Nino Frank akaziita baadhi ya filamu za uhalifu "noir", yaani nyeusi. The Big Sleep haikuwamo katika kundi lile la kwanza, lakini ilipofika ilikuta mlango umekwisha funguliwa. Miaka ya 1950 waandishi wa jarida la Cahiers du cinéma walimpandisha Hawks kuwa miongoni mwa wakubwa wa sinema. Macho yao yalitafuta mwendo wa tukio, jinsi watu wanavyosimama na kuongea, na mambo hayo Hawks alikuwa nayo tele. Kosa ambalo Crowther aliliona, kizazi kilichofuata kikaliita tabia ya aina hii ya filamu: mtu mwema ndani ya mji ambao hawezi kuuelewa wote.

Mwaka 1978 Michael Winner aliitengeneza upya, Robert Mitchum akiwa Marlowe, hadithi ikihamishiwa Uingereza. Udhibiti wa zamani ulikuwa umekufa. Picha za ngono zilitajwa, uchi ulionyeshwa, binti mdogo akarudishiwa hatia yake. Mambo yako wazi kuliko kwenye filamu ya Hawks, na ni wachache wanaoipenda. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo kwa anayedhani tatizo la The Big Sleep lilikuwa ukosefu wa maelezo.

Nakala ya mwaka 1945 ilikutwa katika hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA na kuonyeshwa kwa umma mwaka 1997, mwaka uleule ambao filamu iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Hiyo ina dakika 116, ya 1946 ina 114, na sehemu zinazotofautiana ni kama dakika 18. Kwa mara ya kwanza watu wakaweza kuziweka ubavu kwa ubavu. Ya 1945 inafuatika vizuri zaidi na ina Vickers zaidi. Bacall ndani yake ni mwanamke wa kawaida tu anayepita. Ya 1946 inaruka maelezo, lakini kila wawili wale wanapokuwa pamoja hewa inabadilika. Naipenda hii ya pili bila kusita, na sidhani Feldman alikosea hata chembe.

Anayetaka kuijua vizuri aanze na ya 1946, akikumbuka kesi ni mbili na kwamba ya kwanza inafungwa Lundgren anapokamatwa. Kisha atafute ya 1945 kwa ajili ya ile ofisi ya mwendesha mashtaka. Akiwa na jioni moja tu, achukue ya 1946, na Joe Brody anapoanza kujitetea chumbani kwake aongeze sauti, maana habari zote za usiku wa mvua zimo katika maneno yake, na muda si mrefu mlango unabishwa.